Hati ya kimila: nilivyoipata mimi, na wenzangu wasioweza kuipata

Vijana wengi wananiuliza kama hati ya hakimiliki ya kimila, yaani karatasi inayoonyesha kipande cha ardhi ya kijiji ni cha nani, ina faida au ni karatasi ya kuweka sandukuni. Naandika hapa mara moja ili nisirudie kila siku. Nimekaa na yangu miezi 14 sasa, ni ya heka mbili na nusu, na imeandikwa jina langu mwenyewe. Nina miaka 26, nalima viazi na mahindi huku Nyanda za Juu Kusini. Kijiji na wilaya sitavitaja, maana mbele nina malalamiko na sitaki watu wachache wabebeshwe mzigo.

Huduma yenyewe inatolewa na kijiji chako, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, kisha inakamilishwa na ofisi ya ardhi wilayani. Kabla mtu hajapata hati, kijiji kinatakiwa kiwe kimekubaliana mipaka na vijiji jirani na kiwe na cheti chake cha ardhi. Kwetu tulipitisha pia mpango wa matumizi ya ardhi: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa msitu wa kijiji. Pawepo na masjala, yaani chumba chenye kabati linalofungwa na daftari la hati. Kama kwenu hayo hayajafanyika, usimpe hela mtu yeyote anayekuahidi hati. Nenda kwa mtendaji wa kijiji ukaulize kijiji kimefikia wapi.

Sehemu ninayoisifia kwa moyo wote ni siku ya kupima.

Baba alifariki mwaka 2019, akaacha heka saba na nusu na watoto watatu, kaka zangu wawili na mimi. Msimamizi wa mirathi alikuwa baba mdogo. Wapimaji walifika asubuhi umande haujakauka, vijana wawili wa hapa hapa kijijini waliofundishwa kazi, mmoja nilisoma naye darasa la kwanza mpaka la saba. Walikuwa na simu na kifaa kidogo cha kupokea satelaiti. Wakaja na wajumbe wa kamati ya uhakiki, wanakijiji wanaothibitisha mipaka na mwenye shamba. Sheria inasema kamati isizidi watu tisa na wanawake wasipungue wanne. Siku hiyo kwetu walikuja watano, watatu kati yao kina mama. Na majirani wa pande zote wanaitwa, asipokuja jirani upande wake haupimwi.

Mnatembea mpaka wote, kwa miguu. Kwenye kila kona mpimaji anasimama, anasubiri simu itulie, anauliza, "Ni hapa?" Anayejibu kwanza ni jirani, mwenye shamba anafuata. Pande tatu zilikwenda vizuri kwa sababu marehemu alipanda minyaa. Upande wa mtoni hakukuwa na alama zaidi ya kisiki cha mkaratusi, na hapo mzee jirani yetu akasema mpaka ni hatua nne ndani ya shamba letu. Kaka yangu akapandisha sauti. Bibi mmoja wa kamati, mtu wa maneno machache, akaomba jembe. Akapima kwa macho kutoka kwenye kisiki, akachimba kama mtu anayejua anachokitafuta, akatoa jiwe jeupe la ukubwa wa chungu kidogo. Akamwambia mzee, akinyoosha kidole kwa kaka yangu, "Hili walilifukia babu yake huyu na baba yako wewe, nikiwa nimewabebea pombe." Mzee akaliangalia muda mrefu. Akasema, "Kweli. Nimelisahau." Mpimaji akabonyeza simu, tukaendelea na kona inayofuata. Kesi ambayo ingekula miaka kwenye mabaraza ya ardhi iliisha kwa jembe moja, kwa sababu waliokumbuka walikuwa hai na walikuwa wamesimama pale. Nawaambia wenye wazee: pimeni wakiwa bado wana nguvu za kutembea shambani.

Kisha ikaja zamu ya majina. Baba mdogo akasema liandikwe lote kwa kaka mkubwa, "maana huyu binti ataolewa." Hakusema kwa ubaya, ndivyo alivyokuta. Mama aliyekuwa anashika fomu akamuuliza, "Shemeji, tangu marehemu aondoke nani analima kile kipande cha juu?" Kimya. Kaka yangu mdogo ndiye aliyejibu, "Ni dada." Mama yule akaeleza taratibu kwamba mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu mbele ya sheria, kifungu cha 20 kinasema hivyo, na hata mkiandika kwa kumruka, binti ana haki ya kupinga. Shamba likagawanywa vipande vitatu papo hapo, tukapimwa upya. Baba mdogo aliweka dole gumba kwenye fomu yangu kama shahidi. Mimi nililia, sikuona aibu.

Baada ya hapo ramani zilibandikwa ukutani ofisi ya kijiji ili mwenye pingamizi aseme. Nendeni mkazisome herufi kwa herufi mkiwa na kitambulisho cha NIDA mkononi. Jina langu lilikuwa limekosewa herufi moja, likarekebishwa kwa dakika tano. Lingechapishwa hivyo ningesumbuka mwaka mzima.

Kutoka hapo ndipo huduma ilipoharibika. Nililipa 35,000 nikapewa risiti, sina neno. Lakini hati ilikaa wilayani miezi tisa ikisubiri saini na lakiri, yaani muhuri wa ofisi ya ardhi. Nilisafiri mara sita, nauli 8,000 kwenda na kurudi. Leo afisa yuko semina, kesho mwenye funguo za lakiri hayupo, siku nyingine karatasi zimeisha. Safari ya nne mtu mmoja pale dirishani akaniambia nikimwachia ya soda itatoka Ijumaa. Sikumpa, na nasema wazi kwamba ilinichelewesha. Mlima viazi akiacha shamba siku sita wakati wa ukungu, ugonjwa wa majani haumsubiri. Hilo lirekebishwe. Kijijini walipima mashamba mengi kwa wiki chache. Haiwezekani muhuri uchukue miezi.

Kuhusu mkopo, msidanganyike. Niliipeleka hati kwenye benki moja mjini, wakaishika, wakaisifia, wakasema shamba tupu hawalichukui. Chama chetu cha akiba na mikopo ndicho kilichoikubali, nikapata laki nane nikanunua mbegu safi na mbolea. Kwa hiyo ukisikia "ukipata hati benki zitakukimbilia," jua kwamba mimi hazikunikimbilia.

Faida niliyoiona kwa macho ni nyingine. Miaka mitatu nilikodi mashamba ya watu. Ukikodi unalima cha msimu tu, na ukitunza udongo vizuri mwenye shamba anaona mazao yamependeza, mwakani analima mwenyewe au anapandisha bei. Nilishamwaga samadi malori mawili kwenye heka moja, mwaka uliofuata nikaambiwa mtoto wa mwenye shamba amerudi. Sasa nimepanda miparachichi 60 ya kubebesha, yaani ya miche iliyounganishwa. Mparachichi huo unaanza kukupa cha maana kama mwaka wa tatu. Hakuna anayepanda mti wa namna hiyo kwenye ardhi anayoweza kuondolewa Oktoba. Nimechimba na makingamaji upande wa mteremko, kazi ambayo kwenye shamba la kukodi nisingeifanya hata kwa kulipwa.

Upungufu mkubwa kuliko wa lakiri ni huu: huduma hii inamwandika mwenye ardhi. Asiye nayo inampita. Rafiki yangu niliyekua naye, kwao ni heka moja na wako ndugu saba. Siku ya kupima alisimama barabarani akituangalia. Kuna vijana wa kifugaji pia hapa kwetu, malisho yao yamechorwa vizuri kwenye ramani ya kijiji lakini hayana hati, na kila msimu watu wanayamega pembeni kwa majembe.

Hapa ndipo wengi hatujui haki zetu. Sheria inagawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: ya jumuiya, ya watu binafsi na familia, na ya akiba inayoweza kugawiwa baadaye. Halmashauri ya kijiji hairuhusiwi kugawa bila idhini ya mkutano mkuu, na mkutano mkuu ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Yaani ni sisi. Lakini nenda mkutanoni uhesabu vijana waliokaa chini ya ule mti. Na hati si lazima iwe ya mtu mmoja, kikundi kinaweza kupata. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata ya pamoja mwaka 2011, wakalinda ardhi yao ya kuwinda na kuchuma. Kule Kiteto wafugaji wamefanya hivyo kwa nyanda za malisho. Mpango wa serikali wa kilimo kwa vijana uitwao Jenga Kesho Iliyo Bora, wenye mashamba ya pamoja kama Chinangali kule Dodoma, ni mzuri kwa anayeweza kuhama. Mimi nawazungumzia wanaotaka kulima walikozaliwa, karibu na mama zao.

Kwa hiyo alama zangu: upimaji na uhakiki kijijini, nyota tano. Ofisi ya wilaya, mbili, na moja kati ya hizo ni ya risiti. Kwa kijana asiye na ardhi, siwezi kuipa alama mpaka nione kitakachotokea kwenye ombi letu. Tuko 11, wasichana wanne, na tumeomba sehemu ya ardhi ya akiba, kwa hati ya kikundi. Barua imepokelewa na mtendaji na nakala yetu imegongwa muhuri. Usiache ofisi bila muhuri kwenye nakala yako. Mkutano mkuu ni mwezi ujao. Bibi wa jembe ameahidi kuja. Nikipata jibu, liwe zuri au baya, nitarudi kuliandika.