Mafundi watatu, paa moja la zamani: uzoefu wangu Tanga

Nyumba ambayo marehemu baba alituachia Ngamiani, jijini Tanga, iliezekwa mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa mabati ya migongo, na jiko la uani likaezekwa kwa asbesto. Masika ya mwaka jana yalipotulazimu kupanga ndoo hadi sebuleni, niliwaita mafundi watatu nilinganishe kazi zao kabla ya kumpa yeyote malipo ya awali.

Wa kwanza alisimama barabarani, akatazama juu kwa dakika chache, akataja shilingi milioni tisa za kuezua paa zima na kuweka mabati ya rangi ya geji 30. Nilipomwuliza hali ya kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, alijibu kwamba hiyo ingejulikana baadaye. Geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, na kwetu huku, ambako hewa ya chumvi huanza kula bati kwenye matundu ya misumari na kingo zilizokatwa, sikuona sababu ya kuondoa mabati mazito ya zamani ambayo mengi bado yalikuwa mazima.

Wa pili alitaka laki saba tu apake lami penye matundu, na asbesto ya jikoni, alisema, angeivunja kwa nyundo asubuhi moja. Hapo ndipo nilipomuaga, kwa kuwa vumbi la asbesto likivutwa husababisha saratani, na uani kwetu wanacheza watoto.

Wa tatu aliomba ngazi na tochi, akaingia darini, akakaa humo karibu saa mbili akizidunga mbao kwa bisibisi moja baada ya nyingine. Aliniita nione mwenyewe: kenchi za mvule zilikuwa imara kabisa, lakini papi kadhaa, zile mbao zinazopigiliwa mabati, zilikuwa zimeliwa na mchwa, na maji hayakuwa yakiingia pale yalipodondokea, bali yalipenya kwenye kofia (bati la kufunika kilele cha paa) iliyopinda, yakatiririka juu ya papi hadi sebuleni. Sikuwahi kulifikiria hilo katika miaka yote ya kupanga ndoo. Makadirio yake aliyaandika, idadi ya mabati, papi zilizotiwa dawa, kofia na misumari yenye raba, huku gharama ya ufundi ikiwa peke yake. Jumla ilikuwa milioni mbili na laki nne. Vipande vya asbesto aliviloanisha maji, akavitoa vizima bila kuvikata, akavifunga kwa nailoni, nami nikafuatilia ofisi ya mazingira ya jiji kuhusu mahali pa kuvipeleka.

Hakukosa kasoro. Kazi ya siku sita ilichukua siku kumi na moja, vijana wake walitoboa silingi bodi mbili (alizilipia baada ya kusukumana kidogo), na gata, mfereji wa maji ya paa, la upande wa uani liliwekwa bila mwinamo wa kutosha.

Tulikubaliana kwamba laki tatu zibaki mkononi mwangu hadi mvua kubwa ya kwanza. Vuli ilipoanza alikuja mwenyewe, ameloa, akapanda darini na tochi yake, akashuka akisema ni pakavu, nami nikampa fedha zake palepale. Gata bado linatuamisha maji. Ameahidi kulirekebisha, na namsubiri.