Sukari 6.8 ni ngapi? Uzoefu wangu na programu ya maelezo ya kisukari

Naanza na nyota moja, na hiyo moja yenyewe naitoa kwa shingo upande.

Niliandika 6.8 kwenye programu. Ni namba ya asubuhi, kabla ya kutia kitu mdomoni, imetoka kwenye mita ya kutoboa kidole. Skrini nzima ikawa nyekundu: sukari yako iko chini kwa kiwango cha hatari, kula au kunywa kitu chenye sukari sasa hivi, rudia kupima baada ya dakika 15. Nikaifunga programu, nikaifungua, nikaandika tena 6.8. Nyekundu ile ile.

Kilichotokea ni hiki. Sukari ya damu ina namna mbili za kuandikwa: mmol/L na mg/dL. Ya kwanza ukiizidisha kwa 18 unapata ya pili. 6.8 mara 18 ni 122 na kidogo. Chama cha Kisukari cha Marekani kinawawekea watu wazima wengi wenye kisukari, wasio wajawazito, lengo la mg/dL 80 hadi 130 kabla ya kula, yaani mmol/L 4.4 hadi 7.2. Kwa hiyo 6.8 ni asubuhi ya kushukuru Mungu na kuendelea na kazi. Programu haikuuliza ni kizio gani. Iliichukua 6.8 kama mg/dL, na mwenye 6.8 ya mg/dL angekuwa amepoteza fahamu, si amekaa anabonyeza simu.

Tena kulitambua kosa hili hakuhitaji daktari. Mita nyingi za nyumbani zinasoma kuanzia mg/dL 20 mpaka 600, sawa na mmol/L 1.1 mpaka 33.3. Chini ya hapo zinaandika LO, juu ya hapo HI. Namba yenye nukta, au iliyo chini ya 20, haitoki kwenye mita ya mg/dL. Mstari mmoja wa kuuliza "una uhakika?" ungetosha kabisa.

Mtu ataniambia: kijiko cha sukari kwenye 6.8 hakiui. Kweli, kimoja hakiui. Lakini fuata maagizo ya skrini mpaka mwisho uone. Umekula, umengoja dakika 15, umepima, mita inasema 9.1. Bado nyekundu. Umekula tena, 11.6. Nyekundu. Ili ile rangi iondoke programu inataka namba ifike 70, na kwenye mita ya mmol/L hakuna 70. Haipo! Itapanda 20, itapanda 30, ikipita 33.3 mita itaandika HI, na HI hata mahali pa kuiingiza hapana. Mzee anayetii kila anachoambiwa na simu anaweza kutoka kwenye sukari nzuri mpaka kwenye dripu, akiwa amefanya kila hatua sawasawa kama alivyoelekezwa.

Na kinachoniudhi zaidi, hatua zenyewe walizoziandika ni sahihi. Sukari ikishuka kweli, yaani chini ya mmol/L 3.9 au mg/dL 70, unachukua gramu 15 za sukari inayoingia haraka: vidonge vya glukosi (soma pakiti, vingi ni gramu 4 kila kimoja, basi vinne), au mililita 120 hivi za juisi, au kijiko kikubwa cha sukari. Unangoja dakika 15, unapima, ukiwa bado chini unarudia. Chokoleti haifai hapo, mafuta yake yanachelewesha sukari kuingia. Ambacho hawakuandika ni kwamba anayetumia acarbose anahitaji glukosi yenyewe, kwa sababu dawa hiyo inazuia sukari ya kawaida isivunjwe upesi tumboni. Chini ya 3.0, sawa na 54, hapo si mchezo tena. Aliyezimia hatiwi kitu mdomoni: alazwe ubavu, msaada wa dharura uitwe, na kama glukagoni, sindano ya dharura ya kupandisha sukari, ipo, achomwe.

Niliwaandikia. Nilieleza 6.8, nikaeleza 18, nikaweka picha ya skrini. Baada ya siku kadhaa likaja jibu: mpendwa mteja, afya yako ni kipaumbele chetu, taarifa zetu si mbadala wa ushauri wa daktari. Basi. Yaani mimi nawaambia mizani yenu imeharibika, wao wananijibu nikapime kwingine. Kama si mbadala wa daktari, mbona skrini inaamuru "sasa hivi"? Anayetoa amri aibebe amri yake. Nikaandika tena, nikapata jibu lile lile, neno kwa neno, mpaka ile alama ya mshangao.

Chini kabisa ya ukurasa wamebandika nembo ya HONcode kuonyesha kuwa habari zao zimekaguliwa. Shirika lililokuwa likiitoa nembo hiyo huko Geneva lilifunga shughuli zake mwaka 2022. Nembo ya marehemu haimkagui mtu.

Nisiwe dhalimu, lakini. Sehemu ya miguu ni nzuri, na nimeisoma nikitafuta kosa. Wanasema kagua nyayo kila siku, usipozifikia weka kioo sakafuni. Paka mafuta juu na chini ya mguu ila si katikati ya vidole, unyevu wa pale unaleta fangasi. Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko, kwa kuwa mguu uliokufa ganzi hausikii moto. Kiatu kikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Sehemu ya insulini nayo iko sawa: isiyofunguliwa ikae nyuzi 2 hadi 8, ikiganda itupwe hata kama imeyeyuka ikarudi kuwa maji, iliyofunguliwa nyingi hudumu kama siku 28 nje ya friji lakini aina hutofautiana, soma karatasi ya ndani ya boksi. Aliyeandika kurasa hizi anaijua kazi. Kwa ajili yake peke yake niliongeza nyota ya pili.

Halafu katikati ya ukurasa wa miguu likachomoza tangazo la kumaliza kisukari ndani ya siku 30. Nyota ya pili nikairudisha mfukoni.

Maana kuna ukweli ambao hawa wanauiba. Utafiti wa DiRECT, uliochapishwa kwenye jarida la Lancet mwishoni mwa 2017, ulionyesha kuwa asilimia 46 ya waliopewa mpango wa kupunguza uzito walikuwa na kisukari kilichotulia bila dawa baada ya mwaka mmoja. Lakini walikuwa watu wa aina ya pili, waliogunduliwa ndani ya miaka 6, wasiotumia insulini, waliokaa na kalori 850 hivi kwa siku kwa miezi 3 hadi 5 chini ya uangalizi. Kutulia si kupona, kinaweza kurudi, na wenyewe wanaendelea kupimwa. Tangazo halitaji aina ya kwanza wala ya pili. Mwenye aina ya kwanza akilisadiki akaacha insulini, ketoni, tindikali zinazojaa kwenye damu insulini ikikosekana, zinaweza kumwangusha ndani ya siku moja au mbili, hizo 30 hazioni.

Baada ya hasira hizi nimejiwekea namna yangu ya kupima chanzo chochote cha kisukari mtandaoni, na sianzi na sura wala nembo. Naanza na namba. Natafuta mahali panapoeleza ugonjwa unatambuliwaje. Panatakiwa pawe na mmol/L 7.0 au mg/dL 126 kwa aliyefunga kula kwa muda wa saa nane, na 11.1 au 200 saa mbili baada ya kunywa gramu 75 za glukosi. Na HbA1c, kipimo cha damu cha wastani wa sukari, asilimia 6.5, ambayo maabara nyingine huiandika 48 mmol/mol. Panatakiwa paseme kuwa asiye na dalili harudishwi nyumbani na jina la ugonjwa kwa kipimo kimoja, kinathibitishwa kwa cha pili. Tena paseme kuwa HbA1c inaweza kudanganya kwa mwenye upungufu wa damu, selimundu, au aliyeongezewa damu karibuni. Namba ikisimama peke yake bila kizio, nafunga ukurasa, hata kama umeandikwa na profesa.

Ukurasa mwingine wa kufunga ni ule unaochanganya mpaka wa kutambua ugonjwa na lengo la matibabu. Saba ya kufunga kula ni mpaka wa ugonjwa. Saba ya HbA1c ni lengo la wengi walio kwenye dawa, na wastani wake wa sukari ni kama 154 mg/dL, sawa na 8.6 mmol/L. Ni saba mbili zisizojuana, na nimeona kurasa zikiziozesha.

Kurasa nyingi za Kiswahili zimenakiliana, na kizio kilidondokea njiani kwenye kutafsiri. Huyu anasema sukari ya kawaida ni 4 hadi 6, yule 70 hadi 100, msomaji anadhani mmoja wao ni mwongo kumbe wanasema kitu kilekile. Kwa hiyo namba nazichukua kwenye chimbuko: mwongozo wa Chama cha Kisukari cha Marekani unaotoka upya kila Januari kwenye jarida la Diabetes Care, bure, miongozo ya NICE, taasisi ya Uingereza ya miongozo ya matibabu, kwa aina ya pili na ya kwanza, na MedlinePlus, tovuti ya afya ya serikali ya Marekani, kwa maelezo ya dawa kwa lugha nyepesi. Kiswahili nakitumia kuelewa na kuelewesha, baada ya kuzishika namba.

Nilikuwa nimeshamaliza kuandika haya, programu ikajisasisha. Sasa pale pa kuandika sukari pana kitufe cha kuchagua mmol/L au mg/dL. Nikaweka 6.8. Kijani! Nikatulia, nikaona pengine wale wa jibu la mshangao walisoma kweli, nikaanza kufuta nusu ya maneno yangu na kuwapa nyota tatu.

Kabla sijatuma nikajaribu na sehemu ya HbA1c, mpya hiyo, wameiweka jirani na ile ya sukari. Kizio hakuna. Nikaandika 48, kama inavyotoka kwenye karatasi ya maabara inayotumia mmol/mol.

Nyekundu. Sukari yako iko chini kwa kiwango cha hatari, kula kitu chenye sukari sasa hivi, rudia kupima baada ya dakika 15. HbA1c! Kipimo cha wastani wa miezi miwili hadi mitatu, nirudie baada ya dakika 15.