Uso mbele ya kamera, au umbo ardhini? Nawalinganisha wasanii wawili waliotumia miili yao wenyewe katika sanaa: yupi wa kumwonyesha mtu kwanza?

Zanele Muholi, mpiga picha wa Afrika Kusini, alianza mwaka 2012 mfululizo wa kujipiga picha nyeusi na nyeupe. Anakukazia macho. Huongeza tofauti ya mwanga na giza hadi ngozi yake inazidi weusi wake wa kawaida, na hapo ndipo ninapomheshimu zaidi: huku kwetu mkorogo bado unauzwa, naye anaufanya weusi kuwa fahari. Katika baadhi ya picha hujipamba kwa vibanio vya nguo na dodoki za chuma, akimuenzi mama yake, Bester, aliyekuwa mfanyakazi wa nyumbani.

Msanii wa pili, Ana Mendieta, aliondolewa Kuba mwaka 1961, akiwa mtoto, bila wazazi wake, akapelekwa Marekani. Kati ya 1973 na 1980, huko Iowa na Meksiko, aliacha umbo la mwili wake kwenye matope, maua, moto na mchanga ulioliwa na mawimbi. Mara nyingi uso haumo kabisa.

Aliyenyang'anywa kwao atajiona kwa Mendieta. Lakini binti aliyeambiwa tangu utotoni kuwa ni mweusi mno, ningemwonyesha Muholi kwanza.