Monita haina kosa, walioniuzia ndio walionichefua

"Kaka, kwa bei hiyo ulitarajia nini?"

Nimeandikiwa hivyo na mhudumu wa wateja, baada ya kumweleza kwa adabu zote kwamba monita waliyoniuzia inaonyesha rangi nyeusi kama majivu. Sikumtukana mtu. Sikudai fidia. Niliuliza tu kama kuna mpangilio ninaoweza kuugusa kabla sijairudisha. Ni muda sasa umepita, na bado nikiyakumbuka maneno yale moyo unanienda mbio. Duka silitaji, kampuni siitaji. Ninachotaka ni mnunuzi mwenzangu asije akarudisha kifaa kizima, au vibaya zaidi, akakaa nacho mwaka mzima kikimuumiza macho huku akiamini kwamba mwenye pesa kidogo hastahili kuona vizuri.

Nieleze kwanza kwa nini nilinunua. Monita yangu ya zamani ilikufa kifo ambacho wengi mtakitambua: unaiwasha, picha inatokea kwa sekunde mbili hivi, halafu giza. Kitaa cha kitufe kinaendelea kuwaka. Ukimulika kioo kwa tochi kwa upande, unaziona ikoni zako zote zipo palepale, hafifu, zimekaa gizani. Maana yake kioo chenyewe ni kizima, kilichokufa ni mwanga wa nyuma. Monita za zamani zilimulikwa na mirija myembamba ya mwanga, ndugu wa taa za tyubu za darini, na mirija hiyo inataka umeme wa volti nyingi kutoka kwenye saketi maalumu. Kimojawapo kikichoka, saketi inajizima ili kujilinda. Za siku hizi zinatumia LED, yaani taa ndogondogo, na hazina habari hiyo. Fundi aliniambia inatengenezeka, ila kwa gharama ile ni heri ninunue mpya.

Sikutaka makubwa. Kazi yangu ni maandishi na majedwali kutwa nzima. Nilitaka inchi 24 au karibu na hapo, pikseli (zile nukta zinazounda picha) 1920 kwa 1080, kioo cha aina ya IPS ili rangi zisigeuke nikikaa kwa upande, na matundu ya kufungia mkono wa mezani nyuma. Nikaipata ya bei nafuu yenye vyote hivyo.

Kuifunga hakukuwa na shida. Mguu wake unaingia bila bisibisi, ila unainamisha kioo mbele na nyuma tu, haupandi wala haushuki, kwa hiyo mtu mrefu ataiona iko chini. Mimi niliufungua nikaifunga kwenye mkono wa mezani. Matundu manne yamepangwa kwa milimita 100 kila upande, kipimo cha VESA cha kawaida, lakini skrubu hazimo kwenye boksi, basi zitafute mapema. Adapta ya umeme iko nje, kwenye waya wake. Ndani kuna waya mmoja wa HDMI, ule wa kuleta picha kutoka kwenye kompyuta, mfupi kuliko ningependa. Yote hayo nayasamehe.

Kisha nikawasha.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza kilikuwa saa ya kompyuta, kule kwenye kona ya chini. Nusu yake haikuwepo. Dakika zilikatwa katikati, kama picha iliyopigwa karibu mno. Ukipeleka kishale pembeni kinapotea nje ya kioo. Nikafungua waraka niliokuwa naufanyia kazi, herufi zina manyoya. Miguu mitatu ya "m" imeshikana, nukta ya "i" imegeuka kivuli. Mwisho nikafungua picha iliyopigwa usiku, na hapo ndipo roho ilipouma: mahali pote palipotakiwa kuwa peusi palikuwa na ukungu wa kijivu. Nyeupe nayo imechoka, haiwaki. Nikaongeza mwangaza, ukungu ukaongezeka. Nikapunguza, kila kitu kikafifia.

Sasa fikiria mtu umejibana ukanunua kifaa cha kukupa riziki, unaona hivyo. Nikawaandikia.

Salamu zilikuwa nzuri. "Ndugu mteja, tunakuthamini sana." Akaniuliza kama nimechomeka waya. Nimechomeka. Nizime niwashe. Nimezima, nimewasha, hakuna kilichobadilika. Nikampigia picha: monita mpya na kompyuta mpakato kando yake, zote zinaonyesha picha ileile ya usiku, moja nyeusi na nyingine ya kijivu. Mtu yeyote mwenye macho angeona tofauti. Akakaa kimya kidogo, halafu ndiyo ikaja ile: "Kaka, kwa bei hiyo ulitarajia nini? Hiyo ndiyo rangi ya monita za bei hiyo. Ukitaka rangi ongeza pesa."

Nikauliza kuhusu kurudisha. Akasema inawezekana, nilipie usafiri mwenyewe, na boksi liwe halijafunguliwa.

Boksi lisiwe limefunguliwa! Nitaujuaje ubovu wa kioo bila kukitoa ndani ya boksi? Nilimuuliza hilo. Hakujibu. Mazungumzo yakafungwa kutoka upande wake.

Siku ile kama ningeandika tathmini hii ningesema msiinunue monita hii kabisa, na ningekuwa nimewadanganya, kwa sababu yule bwana alinifanya niamini kuwa kioo ndicho kibovu.

Kilichoniokoa ni kompyuta moja kuukuu yenye tundu la VGA, lile la zamani la kutolea picha, la tangu mwaka 1987, na monita hii bahati nzuri inalo pia. Nikaunganisha kwa waya wa VGA kujaribu tu. Nyeusi ikawa nyeusi! Saa yote ikaonekana. Kioo kilekile, boksi lilelile, bei ileile. Basi kioo hakina kosa lolote, tatizo liko kwenye njia ya HDMI, na wala si kwenye waya.

Nawaeleza nilichokuja kukijua, maana yule mhudumu alilipwa kukijua na hakujisumbua. HDMI ilitolewa mwaka 2002 ikilenga zaidi televisheni na vifaa vyake. Kwenye video za televisheni, nyeusi kabisa haiandikwi 0, inaandikwa 16, na nyeupe kabisa ni 235. Kompyuta zenyewe zinahesabu kutoka 0 hadi 255. Sasa ukiunganisha kwa HDMI kwa 1920 kwa 1080, ambacho ni kipimo cha televisheni pia, kadi ya picha, ile sehemu ya kompyuta inayotoa picha, mara nyingine hudhani inazungumza na televisheni. Inatuma nyeusi yake kama 16. Monita, inayongoja 0, inaipokea ile 16 na kuionyesha kama kijivu cha giza. Nyeupe inafika 235, inaonekana imechoka. Ukungu wote ule ni hapo tu.

Na ile saa iliyokatwa? Televisheni za zamani za kioo cha mgongo zilificha kingo za picha nyuma ya fremu, kwa hiyo picha ilikuzwa kidogo makusudi ili pembeni pasionekane pengo. Mazoea hayo yakahamia kwenye vioo bapa. Monita yangu ilikuwa inaikuza picha kwa njia hiyo inapopokea HDMI. Ikiikuza, kingo zinakatika, na pikseli ya kompyuta haikai tena juu ya pikseli ya kioo moja kwa moja, inatandazwa juu ya jirani zake. Ndiyo maana herufi ziliota manyoya.

Dawa yake iko sehemu mbili. Kwenye menyu ya monita, upande wa picha, zima kipengele kilichoandikwa "Overscan". Hapo saa inarudi na herufi zinanyooka papo hapo. Kisha nenda kwenye programu ya kadi yako ya picha, iwe ya Nvidia, AMD au Intel, sehemu ya rangi au ya kioo, utafute mahali panapotoa chaguo la "Full" na "Limited". Chagua "Full". Nilipobonyeza, ukungu uliondoka mbele ya macho yangu, ile picha ya usiku ikazama ikawa usiku kweli. Nilipiga kelele ya furaha hadi watu wa nyumbani wakaja kuuliza kuna nini.

Kuna marekebisho mengine madogo. Inakuja na mwangaza mkali mno, ushushe hadi karatasi nyeupe iliyo mezani na ukurasa mweupe wa kwenye kioo vifanane, macho yatakushukuru jioni. Ukali wa picha nao kiwandani wameupandisha, herufi zinakuwa na mzingo mweupe, upunguze taratibu mpaka mzingo upotee. Na kama monita yako inafika hezi 75, yaani inachora picha upya mara 75 kwa sekunde, usidhani itajipeleka yenyewe. Yangu ilikaa kwenye 60 mpaka nilipokwenda kwenye mipangilio ya kompyuta nikaichagulia 75. Kishale kinateleza vizuri zaidi.

Vitufe ndivyo vinavyonikera. Vimefichwa chini ya ukingo, vyote umbo moja, na cha kuzimia kimewekwa mwishoni palepale kidole kinapotafuta cha kurudi nyuma. Uko ndani ya menyu, unabonyeza, kioo chote kinazimika.

Lakini picha! Nimeshafanya kazi nayo muda wa kutosha sasa, na nasema kwa moyo mmoja kwamba hii ni monita nzuri. Maandishi yamekaa, rangi hazigeuki hata mtu wa pembeni akichungulia, na kichwa kilichokuwa kikiniuma jioni kwa ile ya zamani hakiniumi tena. Kama nilisema mahali fulani kwamba vya rahisi ni takataka, nafuta. Kwa kazi za ofisi na masomo sioni sababu ya mtu kulipa mara mbili yake.

Nilikuwa nimeshatulia, jamani. Nikasema yaishe. Nikawaandikia tena kwa nia njema, nikawapangia hatua zote, nikawaomba waweke japo karatasi moja ndani ya boksi, maana kitabu chake kina kurasa za maonyo ya kutomwagia maji na hakina sentensi hata moja kuhusu jambo hili. Ni mistari miwili tu, ingewasaidia wengi.

Jibu: "Tunafurahi kwamba tumetatua tatizo lako." Wakalifunga lalamiko, wakaandika limetatuliwa, wakanitumia fomu ya kuwapa nyota.

Wametatua wao? Wao walioniambia niongeze pesa! Laiti ningemsikiliza yule bwana, ningekuwa nimenunua monita ya bei mara mbili, nimeichomeka kwa HDMI kwenye kompyuta ileile yenye mpangilio uleule, na huenda ningeukuta ukungu uleule unaningoja. Na hii nzima ingekuwa imetupwa kwenye kona. Jambo hilo ndilo linaloniuma kuliko hata dharau yenyewe. Anayeuza kifaa asichokijua, halafu anamtupia mnunuzi lawama ya umaskini wake, anawafanya watu watumie pesa wasizokuwa nazo kurekebisha kitu ambacho hakijaharibika.

Kwa hiyo nyota. Nilianza na moja, nikiwa na hasira. Baada ya kurekebisha nikapandisha hadi nne, kwa sababu kioo kilistahili, na tano ningewapa kama si vitufe. Baada ya barua yao nimerudi chini. Najua si haki kwa monita, kioo hakikunitukana. Lakini fomu ile haina sehemu ya kutenganisha kifaa na mtu, na nyota zikiwa juu wao ndio watajisifia.

Kama unaitaka monita ya namna hii na una mtu wa kukushika mkono kwenye mipangilio, au umesoma hadi hapa, inunue bila wasiwasi, ila iwe kwa muuzaji anayekubali irudishwe hata boksi likiwa limefunguliwa, na akupe hilo kwa maandishi kabla hujalipa. Kama muuzaji ni yule wangu, mimi ningesema ipite. Ingawa kusema kweli, bei kama yake kwa wauzaji wengine sijaiona.