Miezi minne na kozi ya maswali ya mantiki ya LSAT nikiwa Dodoma: uzoefu wangu

Nianze na pesa, maana ndiyo inayoulizwa kwanza. Kozi niliyonunua mtandaoni ni dola 55 kwa mwezi, na nimelipia miezi minne. Juu yake kuna dola 120 za mwaka za LawHub, tovuti ambako ndiko yanakokaa maswali halisi ya mitihani iliyopita. Hiyo ya pili niliambiwa baada ya kulipa ya kwanza. Ukijumlisha, ni karibu laki tisa za Kitanzania, na kwa mshahara wangu wa ofisini Mtumba laki tisa ni pesa inayouma.

Kwa asiyeijua LSAT: ni mtihani wa kuombea nafasi kwenye vyuo vya sheria vya Marekani. Kule sheria husomwa baada ya shahada ya kwanza, na shahada yenyewe inaweza kuwa ya fani yoyote. Mimi nilisoma takwimu pale UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Kila ninayemweleza ofisini huniuliza kwa nini nisiende tu Shule ya Sheria Dar. Namjibu kwamba ile ni ya waliokwisha kupata LLB, yaani shahada ya kwanza ya sheria, mimi ningeanza mwaka wa kwanza na wadogo zangu waliotoka kidato cha sita juzi. Anatikisa kichwa, anasema ameelewa, na wiki inayofuata ananiuliza tena.

Mtihani wenyewe hauulizi sheria hata kidogo. Una sehemu nne za dakika 35. Mbili ni za mantiki, moja ni ya kusoma na kuelewa, na moja ni ya majaribio ambayo haihesabiwi, ila huambiwi ni ipi. Sehemu ya mantiki ina maswali kama 25: aya fupi ya hoja, swali, majibu matano. Ukigawa unapata sekunde 84 kwa swali, na hapo ndipo machozi yanapotoka. Alama zinaanzia 120 na kuishia 180. Jibu lisilo sahihi halikatwi alama, kwa hiyo usiache nafasi wazi hata kama unabahatisha.

Sasa malalamiko, nimalizane nayo mapema.

Ratiba ya kozi ilinianzishia kwenye michezo ya kupanga. Watu saba, viti saba, wa kwanza hakai na wa tatu, wa tano lazima awe kushoto kwa wa pili. Niliipenda mno. Meza yangu kule Nkuhungu ilijaa karatasi za viboksi na mishale, nikajiona mwanasheria kabisa. Siku kama ya kumi na nne mdogo wangu, ambaye mambo haya hayamhusu, akawa anasoma kwenye simu yake ilhali mimi nachora. Akaniuliza, "Dada, hii sehemu si walishaitoa?" Nikamwambia aache kunivuruga. Akanisogezea simu. Ilitolewa Agosti 2024, na nafasi yake ikachukuliwa na sehemu ya pili ya maswali ya mantiki. Wenye kozi walikuwa bado wameyaacha masomo yale mwanzoni mwa ratiba, bila neno. Nikawaandikia. Baada ya siku nne wakajibu kwamba masomo hayo "yanajenga msingi wa kufikiri". Nikaomba basi wanirudishie walau wiki mbili za muda wangu. Wakakataa, kwa upole mkubwa sana.

Video nazo zinakula bando kama mbuzi shambani, na programu yao haifunguki kabisa bila mtandao. Nilikuwa nimepanga kusomea kwenye basi la ofisini, asubuhi kwenda Mtumba na jioni kurudi, nikaishia kupiga picha maswali usiku na kuyasoma picha kwa picha. Madarasa ya moja kwa moja yanaanza saa mbili usiku za New York. Kwetu hiyo ni saa tisa usiku, na wao wakirudisha saa zao nyuma Novemba inakuwa saa kumi alfajiri. Nilihudhuria mawili. La tatu niliamka uso uko juu ya kibodi, mwalimu anaendelea.

Basi kwa nini nililipia miezi yote minne? Kwa sababu ya kitu kimoja: maelezo ya majibu yaliyokosewa. Kila swali lina majibu manne mabaya, na kozi hii inakueleza kila moja ni baya kwa nini, halafu, hili ndilo la maana, lilikuvutia kwa nini. Hili limesema kweli lakini halihusiani na hitimisho. Hili limeongeza neno "wote" ambalo kwenye aya halikuwepo. Hili ni jibu la swali lingine. Mwezi wa pili nikafungua daftari, nikawa naandika si jibu sahihi bali kilichonidanganya. Baada ya kurasa ishirini nilijijua: nadanganywa na maneno makali, na nadanganywa na masharti, yaani kauli za "ikiwa hivi, basi vile".

Masharti yalinitesa kweli. Kozi inayafundisha kwa mishale na mifano ya besiboli, mchezo ambao mimi sijawahi hata kuuona ukichezwa. Nilikariri mishale, nikifika kwenye swali napindua. Kilichoniokoa ni mama yangu, na hajui mpaka leo.

Tulipokuwa wadogo mama alikuwa na kauli moja: "Hutoki mpaka uoshe vyombo." Jumamosi moja nikaosha vyote, hadi sufuria la ugali lililoganda, nikavaa ndala. Nikafika mlangoni akaniita, "Unaenda wapi? Uwanja umefagiwa?" Nikalia kwamba aliniahidi. Akasema, namkumbuka mkono kiunoni, "Nilisema hutoki mpaka uoshe. Nilisema ukiosha utatoka?"

Miaka kumi na saba nilikuwa namwona mama kanidhulumu siku ile. Kumbe alikuwa sahihi kwa kila kipimo cha LSAT. Kuosha vyombo kulikuwa sharti la lazima, halikuwa sharti la kutosha. Ukiniona nje, jua nimeosha. Ukikuta vyombo vichafu, jua nipo ndani. Lakini ukikuta vyombo safi, huna unachojua kuhusu mimi. Tangu siku ile kila swali lenye sharti nalitafsiri kwa kauli ya mama: hapa vyombo ni nini, na kutoka ni nini? Naona makosa ya aina hiyo yalipungua zaidi ya nusu ndani ya wiki tatu.

Methali zetu nazo zinafaa kwa mazoezi kuliko besiboli. Chukua "dalili ya mvua ni mawingu". Mtu wa Dodoma hahitaji mwalimu hapo. Novemba nzima mawingu yanajikusanya upande wa Mlimwa, watu wanaanua nguo, upepo unapita na vumbi lake, na jua linarudi. Mvua haiji bila mawingu, ila mawingu huja bila mvua siku nyingi tu. Jibu baya la LSAT mara nyingi ni yule mtu anayeanua nguo.

Kuna na tatizo la lugha ambalo kozi haiwezi kukusaidia, kwa sababu haijui kama unalo. Mimi nikisema "baadhi ya wageni wamefika", wewe unaelewa kwamba wengine bado. Ndivyo tunavyoongea. Kwenye mtihani, neno lao la "baadhi" maana yake ni angalau mmoja, na inawezekana kabisa ikawa wote. Vivyo hivyo "wengi" wakiwa na maana ya zaidi ya nusu: inaweza kuwa kila mtu. Nilikosa maswali sita ya namna hiyo kabla sijagundua kwamba Kiingereza changu kiko sawa, kinachonikosesha ni adabu ya mazungumzo ninayoingia nayo kwenye karatasi. Karatasi haina adabu. Inamaanisha ilichoandika, basi.

Aina ya swali niliyoishia kuipenda ni ile ya kutafuta dhana iliyofichwa, yaani kitu ambacho mwenye hoja hakukisema lakini bila hicho hoja yake inaanguka. Mbinu yake ni kulikanusha jibu. Chukua jibu, ligeuze kinyume, lirudishe kwenye hoja. Hoja ikiporomoka, umelipata. Isipotikisika, achana nalo. Nimeifanyia mazoezi hadi kwa mjomba wangu wa Chinangali, mkulima wa zabibu.

Nilimtembelea Jumapili moja. Baada ya shikamoo na "mbukwa" zake, akaanza kunisimulia kwamba mwaka huu alipunguza maji shambani kabla ya kuvuna, na zabibu zimekuwa tamu kuliko za mwaka jana. Kwa hiyo, akasema, siri ya utamu ni kupunguza maji. Mimi nikaiona aya nzima mbele yangu, na namba ya swali juu. Hoja inasimama endapo hakuna kingine kilichobadilika kati ya mwaka jana na mwaka huu. Nikamuuliza, kwa adabu, "Mjomba, mwaka huu mlivuna wakati uleule wa mwaka jana?"

Akanyamaza kidogo. "Aa, hapana. Mnunuzi alichelewa. Zilikaa mtini wiki mbili zaidi."

Zabibu iliyokaa mtini zaidi huongeza sukari, hilo yeye analijua kuliko mimi. Tuliangaliana, akacheka hadi kofia ikamwanguka, kisha akamwambia shangazi kwamba hivi ndivyo serikali inavyosomesha watoto waje kuwahoji wakubwa. (Sikumwambia kwamba serikali haihusiki, nalipa mwenyewe.) Angalia lakini: sikuthibitisha kwamba maji hayakusaidia. Huenda yalisaidia. Nilionyesha tu kwamba hoja yake haijafika huko, na swali la kudhoofisha hoja, ambalo ni ndugu wa hilo la dhana iliyofichwa, halidai zaidi ya hapo. Watu wengi wanalikosa kwa kutafuta jibu linaloiua hoja kabisa, na hilo mara nyingi halipo kati ya yale matano.

Ukishazoea jicho hilo unaligeuzia hata kozi yenyewe. Ukurasa wao wa mbele unajitapa kwamba wanafunzi wanaomaliza masomo yote hupanda alama kuliko wanaoishia njiani. Sawa. Lakini anayemaliza masomo yote ni nani? Ni mwenye muda, mwenye umeme, mwenye kuamka saa tisa usiku bila kulala juu ya kibodi. Huenda huyo angepanda hata angepewa penseli na karatasi tu. Nilipoona nalivunja tangazo lao kwa mbinu walizonifundisha wenyewe, nikajua pesa yangu haikwenda bure yote.

Alama? Jaribio la kwanza kabisa, kabla ya kusoma chochote, nilipata 146. La mwisho, Jumamosi iliyopita, nimepata 159, na kwenye sehemu moja ya mantiki nilikosa maswali manne tu. Haya ni majaribio ya nyumbani na saa ya simu, mtihani wenyewe bado sijaufanya. Pia sijui nigawane vipi sifa kati ya kozi, daftari langu na mama. Ningesema ni kozi, ningekuwa mjomba na maji yake.

Ushauri wangu kwa anayetaka kuanza akiwa huku kwetu. Kwanza fungua akaunti ya bure ya LawHub. Ina majaribio kadhaa kamili ya mitihani halisi, na skrini yake ni ileile utakayokutana nayo siku yenyewe. Fanya moja, saa ikikimbia, bila kusimama, hata kama utapata aibu. Kaa na hayo ya bure walau mwezi mmoja, na daftari la makosa. Ukiona makosa yako yanajirudia na hujui yanatoka wapi, hapo ndipo ulipie kozi, na kabla ya kulipa waulize kwa maandishi kama ratiba yao inafuata mtihani wa baada ya Agosti 2024. Wakianza kukueleza habari za msingi wa kufikiri, funga dirisha. Na kama kadi yako ya malipo ya kwenye simu itakataliwa mara mbili kama yangu, usilipe mara ya tatu kabla hujaangalia salio. Mimi nilikatwa pesa kwa mara moja kati ya zile mbili "zilizokataliwa", na kurudishiwa kulichukua siku kumi na moja.

Kwa jumla naipa nyota tatu kati ya tano. Maelezo ya majibu pekee ningeyapa tano, ratiba ningeipa moja, na hiyo moja ni kwa sababu mfumo haukubali sifuri.

Nimesitisha malipo ya mwezi wa tano. LawHub yangu bado ina miezi minane, na maswali ambayo sijayagusa ni mengi. Mama ameniona nacheka peke yangu na daftari akaniuliza nasoma nini. Nimemwambia nasoma vyombo.