Siku tisa São Paulo, na simu niliyombebea mwizi

Mwenye haraka nimpe alama mapema: mji nyota nne kati ya tano, treni za chini ya ardhi tano, chakula tano, kahawa ya bure ya migahawani mbili. Natoka Moshi, kwa hiyo kwenye kahawa msitarajie huruma yangu.

Nilikwenda Juni kwa mafunzo ya siku tatu ya kuonja kahawa, nikajiongezea siku sita za kutembea. Mwanamke, peke yangu, Kireno sifuri. Kila aliyesikia naenda Brazil alikuwa na hadithi ya bunduki. Mama mdogo alinipigia usiku wa manane kuniuliza kama nimeandika mahali shamba la ndizi ni la nani. Nilipofika nikagundua kwamba kwa mgeni anayekaa maeneo ya katikati, kitu cha kukihofia kuliko vyote ni kile ambacho pengine unakisomea maneno haya sasa hivi. Simu.

Sababu yake mtu wa M-Pesa anaielewa upesi. Tangu Novemba 2020 Benki Kuu ya Brazil ilipoanzisha Pix, watu wanalipana kwa simu kila kona. Muuza mahindi ya kuchemsha ana karatasi yenye msimbo wa kupiga picha, na mpiga gitaa wa barabarani kaibandika kwenye boksi la gitaa. Pesa hizo zinapita kwenye programu ya benki iliyomo kwenye simu janja. Kwa hiyo kibaka anaitamani zaidi simu iliyo mkononi mwako, skrini ikiwaka, haijajifunga. Akikukwapua hapo amebeba na mlango wa benki. Wanakuja kwa baiskeli au pikipiki, wanapita kama upepo.

Wenyeji wamejipanga kwa namna iliyonichekesha kwanza, halafu ikanifundisha. Wengi wana kitu wanachokiita "celular do ladrão", yaani simu ya mwizi. Ni simu ya zamani unayotembea nayo ili akija mwenye haki yake umkabidhi. Bahati nzuri nilikuwa na ya mdogo wangu, kioo kimepasuka kama utando wa buibui. Simu yangu halisi niliiacha chumbani, nikaitoa tu siku nilipoihitaji, na hata hapo ilikaa kwenye mkoba wa tumboni ndani ya sweta. Programu za benki nilizifuta zote kabla ya kupanda ndege. Kadi nilibeba moja, yenye pesa ya siku mbili tatu.

Somo lenyewe lilimkuta mwenzetu wa mafunzo, kaka mmoja kutoka Uganda. Siku ya pili jioni tulisimama nje ya geti tukisubiri gari, yeye akiangalia kwenye ramani lilipofikia. Tulikuwa watu sita. Mimi sikuona kitu, nilisikia tu mlio wa mnyororo wa baiskeli. Nilipogeuka, yule kaka alikuwa bado amekunja vidole mbele ya kifua kana kwamba simu imo. Mwenyeji wetu hakupiga kelele wala hakukimbia. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Ilikuwa imejifunga?" Haikuwa. Usiku ule wote ulikwenda kwenye kupiga simu benki Kampala na kubadilisha nywila, na namba pekee aliyoikumbuka kichwani ni ya mke wake. Toka siku hiyo niliandika namba tano muhimu kwenye karatasi, pamoja na 190 ya polisi, nikaikunja ndani ya soksi. Gari nikawa naliita nikiwa ndani ya jengo, natoka nikishaona namba ya usajili imetulia mbele ya mlango.

Baada ya hapo, niwaambieni, mji ulinifungukia. Nilikuwa sina cha kuibiwa, na mtu asiye na cha kuibiwa anatembea vizuri.

Safari yenyewe: Kilimanjaro hadi Addis Ababa, halafu takriban saa 12 za kukaa hadi uwanja wa Guarulhos, ambao uko mji wa jirani na si São Paulo penyewe. Kuna treni ya kuingilia mjini, laini namba 13, lakini nilitua jioni na mizigo, nikachukua teksi ya kulipia dirishani ndani ya uwanja. Gharama kubwa, majuto hakuna. Usimfuate anayekunong'oneza "taxi, taxi" mlangoni. Hilo hata KIA, uwanja wetu wa Kilimanjaro, tunalijua.

Jambo moja la saa sijalisoma popote. São Paulo iko nyuma yetu kwa saa sita, na saa ya Kiswahili nayo iko nyuma ya saa ya mzungu kwa sita. Kwa hiyo nyumbani wakisema ni saa nne asubuhi, simu yangu kule inaandika 4:00. Siku tisa sikupiga hesabu hata mara moja. Nikiona 2:00 usiku wa kule, najua Moshi ni saa mbili asubuhi na mama anakunywa chai.

Nililala Vila Mariana, na ningerudi palepale. Si mtaa wa kifahari. Ni wa watu wanaotembeza mbwa na bibi wanaorudi sokoni na vikapu vya magurudumu. Uzuri wake ni kituo cha treni cha laini ya bluu, ambayo inanyooka hadi Liberdade, Sé na Luz. Nauli ni reali (pesa ya Brazil) tano na senti kidogo, unakwenda umbali wowote ndani ya mtandao. Laini ya njano haina dereva kabisa. Nilisimama mbele kwenye kioo kama mtoto, shimo linanijia usoni. Aliyewahi kubanwa mlangoni mwa mwendokasi Kimara ataelewa kwa nini nimetoa nyota tano, ingawa saa ya kutoka kazini hata huko watu wanabebana, na mkoba unauweka mbele.

Jumapili nendeni Avenida Paulista. Magari yanazuiwa mchana, barabara yote inakuwa ya miguu: wacheza samba, wazee wenye akordioni, watoto kwenye magurudumu. Katikati lipo jumba la sanaa la MASP la mwaka 1968, kazi ya Lina Bo Bardi, limening'inia kwenye mihimili myekundu na chini yake ni uwazi wa mita 74 bila nguzo. Ndani picha hazikutundikwa ukutani. Zimesimamishwa kwenye vioo, unazizunguka hadi mgongoni. Jumanne kuingia ni bure, ila foleni yake si ya mchezo.

Lakini paliponigusa hasa ni kituo cha Luz. Nilionywa kuhusu mitaa inayokizunguka kituo hicho, kulikuwa na watu wengi walioangamizwa na kraki, dawa ya kulevya ya kuvuta, na onyo lilikuwa la kweli, sikuzurura nje. Nilitoka kwenye treni nikaenda moja kwa moja kwenye Makumbusho ya Lugha ya Kireno, yaliyomo ndani ya jengo lilelile la stesheni. Yaliungua Desemba 2015, yakafunguliwa upya 2021. Wanakuonyesha lugha zilizokilisha Kireno cha Brazil, na zetu za Kibantu zimo. Fubá, unga wa mahindi. Caçula, kitinda mimba. Moleque, mtoto wa kiume. Hapo ndipo nilipoelewa kibao kilichonisumbua siku nzima pale Vila Mariana, "Quitanda", nikidhani duka la vitanda, kumbe ndani ni nyanya na mchicha. Kwa Kimbundu cha Angola kitanda ni genge la sokoni. Sisi nasi tulichukua kwa Wareno meza, bendera, leso na mvinyo, kwa hiyo nilitembea nikisoma vibao nusu nusu kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo.

Bustani ya Ibirapuera ni ya kijani na salama mchana, familia tele. Ndani yake kuna Museu Afro Brasil, iliyoanzishwa 2004 na msanii Emanoel Araújo. Kuna mabaki ya mbavu za jahazi la watumwa, unayatazama ukikumbuka kwamba waliobebwa hawakutoka Angola tu, walitoka hata pwani ya Msumbiji. Brazil ilifuta utumwa Mei 1888, ya mwisho katika bara zima la Amerika. Nilikaa kwenye benchi nje kwa muda mrefu, sikupiga picha. Liberdade pia, mtaa ambao watalii wanakwenda kula tambi za Kijapani, ulikuwa mahali pa kunyongea watu. Kanisa la Roho za Walionyongwa bado lipo mita chache kutoka kituoni. Washeni mshumaa kabla ya tambi.

Chakula. Tafuteni mgahawa ulioandikwa "por quilo": unajipakulia, sahani inapimwa kwenye mizani, unalipia uzito. Mgeni asiye na lugha hapati fedheha. Jumatano na Jumamosi ni siku za feijoada, maharage meusi yaliyochemka na nguruwe, pembeni wali na couve, ambayo niliitambua kabla haijafika mezani. Ni sukuma wiki, imekatwa nyembamba kama nyuzi. Ndugu zangu Waislamu, feijoada ipiteni kwa mbali, lakini mji umejaa Walebanoni na Wasyria, esfiha, yaani vimkate vyenye nyama ya ng'ombe, ziko kila mtaa. Ulizeni tu nyama gani. Asubuhi kuna mikate midogo ya jibini inayotengenezwa kwa wanga wa muhogo. Kwenye magulio ya mtaani kuna juisi ya miwa inayokamuliwa mbele yako. Matunda ya kuonjeshwa sokoni ulizia bei kabla hayajafika kwenye mizani, la sivyo utanunua embe kwa bei ya mbuzi. Kahawa ya bure inayofuata mlo ni tamu ya sukari na imeungua. Nzuri ipo, ila unailipia kwenye mikahawa midogo ya wachomaji wenyewe.

Siku ya saba nywele zilikuwa zimenishinda. Nikaenda maeneo ya República, ambako kuna wasusi wengi wa Kiafrika. Nikiwa nahangaika kwa ishara, aliyenishika kichwa alisikia nikilalamika peke yangu, akasema, "Kumbe unasemaka Kiswahili?" Mtu wa Bukavu, miaka sita yuko hapo. Saa nne za kusukwa zilipita kama nusu saa. Akaniambia lililokuwa gumu kwake si wizi, ni karatasi na kodi ya nyumba. Nilipotoa simu kumpiga picha mlangoni akanikata jicho: "Iyo telefone uifiche, dada. Apa wanaiba sana." Nikamwonyesha kioo kilichopasuka. Alicheka mpaka wateja wakageuka.

Nyota niliyoinyima inatokana na mambo mawili. Kireno kimoja tu, hata kwenye dirisha la tiketi, na laini ya simu ya kawaida wanakudai namba ya mlipakodi ambayo mgeni hana. Nunueni ya kidijitali kabla ya kusafiri. Na uwanja wa Sé, mbele ya kanisa kuu: watu wanaolala kwenye mahema na mablanketi, wengi mno, katika mji tajiri namna ile. Hilo si kosa la huduma, najua. Lakini nilishindwa kula pale karibu.

Vidogo vidogo: Juni ni baridi, asubuhi nyuzi 13 na manyunyu, bebeni koti. Plagi zetu haziingii, na umeme ni volti 127, pasi yangu ilipata uvuguvugu tu. Kadi ya njano ya chanjo msiiache. Niliporudi KIA niliulizwa hiyo kabla ya pasipoti.

Simu ya mwizi ilirudi salama, hakuna aliyeitaka. Zawadi niliwabebea watoto pé de moleque, pakiti sita za duka la jirani wakati wa sherehe za Juni. Mkubwa alifungua, akauma, akanitazama. "Mama, umeenda mpaka Brazil kutuletea kashata?"