Kwao krua ya Thailand: ipi ununue, ipi uache, na nani asiguse kabisa

Kila nikipost picha nikiwa Chiang Mai basi inboksi inajaa. Shosti niletee ule mzizi unaorudisha ujana. Mwingine anataka wa kujaza kifua, ana miaka 22. Mwingine anauliza kwa ajili ya mama yake, hedhi imeanza kukata, usiku analowa jasho mpaka anabadilisha shuka na halali, na mchana anakasirika bila sababu. Watu watatu wanaulizia kitu kimoja kwa sababu tatu tofauti na kwakweli ni huyo wa mwisho tu ningemnunulia, tena baada ya maswali. Ndo mana nikaona niandike mara moja yaishe.

Mzizi wenyewe unaitwa kwao krua khao. Najua, kwa Kiswahili kwao ni kwao, ila huko krua ni mmea unaotambaa na khao ni nyeupe. Jina la kitaalamu Pueraria mirifica, ni ukoo wa maharage na soya, majani yanatoka matatu matatu kama ya kunde, unapanda kwenye miti huko misitu ya kaskazini na magharibi ya Thailand, Myanmar pia upo. Ukichimba chini unakuta viazi vikubwa, ndani vyeupe, vinakaushwa vinasagwa unapata unga mweupe hivi unaoelekea rangi ya krimu.

Mwaka 1931 bwana mmoja wa Chiang Mai, Luang Anusarn Sunthorn, alichapisha kijitabu kuusifia mzizi huu, kwamba unawarudishia wazee ujana. Wauzaji wote wanapenda kukitaja. Wasichokitaja ni kwamba kijitabu hichohicho kinasema vijana wasile, na dozi yake ya siku ni kidonge cha ukubwa wa punje ya pilipili manga. Punje moja! Sa hivi mtu anakwambia weka kijiko kwenye smuthi.

Baadae wanasayansi wakaja kuona bibi zao walikuwa hawakosei. Ndani kuna kitu kinaitwa miroestrol, kilielezwa vizuri mwaka 1960, na mwaka 2000 wakapata ndugu yake deoxymiroestrol, na hivi vitu mwili unavisoma kama estrojeni, ile homoni ya kike. Juu ya hapo kuna daidzein na genistein zile zile za kwenye soya, ila miroestrol ndo yenye nguvu. Kwaio ukinunua kwao krua hununui vitamini, unanunua homoni iliyovaa nguo ya mitishamba, na ukishalielewa hilo maamuzi mengine yote yanakuwa mepesi.

Habari ya kuzuia uzee inatokea hapo hapo. Mwanamke akikoma hedhi estrojeni inashuka, ngozi inakauka na kulegea, uke unakauka, mifupa inapungua uzito, joto linapanda ghafla usoni. Ukimuongezea kitu kinachofanana na estrojeni kuna vitu vinatulia. Huko Thailand wamejaribu kwa wanawake wa umri huo, Hat Yai walitumia miligramu 50 na 100 kwa siku kwa miezi sita na lile joto na jasho la usiku likapungua, Bangkok wakatumia 20, 30 na 50 kwa wiki 24 wakaangalia ukavu wa ukeni, nao wakaona nafuu. Ni makundi madogo lakini, sio kwamba dunia nzima imekubali. Ila kwa dada wa miaka 25 ambaye estrojeni yake iko sawa hapo unaongeza maji kwenye ndoo iliyojaa. Kima wa maabara waliopewa unga huu mizunguko yao ya hedhi ilivurugika, na Japan mwaka 2017 serikali ilitoa onyo kwasababu wanawake zaidi ya 200 walikuwa wamelalamika, hedhi kuvurugika, damu kutoka bila mpango, wengi walikuwa wananunua vidonge vya kukuza matiti. Na hilo la matiti lenyewe ushahidi wa maana hakuna.

Kabla sijapanga namba, hawa wasinunue hata wakiletewa bure: mjamzito, anayenyonyesha, aliyewahi kuumwa kansa ya titi au ya kizazi au iko kwenye familia yao, mwenye faibroidi, mwenye endometriosisi (tishu za kizazi kuota nje ya kizazi), aliyewahi kupata damu kuganda, na wewe uliye kwenye vidonge vya majira, sindano au kijiti, mana utachanganya homoni juu ya homoni. Mwenye shida ya ini au anayekula dawa kila siku amuulize daktari kwanza, na usimwambie natumia mitishamba, mtajie jina lenyewe. Na mama ambaye hedhi ilishakoma mwaka mzima alafu damu imetoka tena, huyo aende hospitali, sio sokoni.

Haya sasa tupange.

Namba moja, na iko mbali sana na zinazofuata, ni kapsuli za unga wa mzizi mtupu zilizosajiliwa Thailand kwenyewe. Kigezo changu ni kimoja, je lebo inanambia miligramu ngapi za kwao krua khao ziko kwenye kapsuli moja? Mamlaka ya dawa ya Thailand imeweka kikomo cha miligramu 100 za unga kwa siku. Mia tu. Sasa nenda onlaini uone, chupa zinazouzwa Marekani na Ulaya nyingi ni miligramu 500 kwa kapsuli, lebo inasema meza mbili, hiyo ni mara kumi ya kikomo cha kwao wenyewe waliouzoea toka enzi za mababu. Watu wanaona 500 wanadhani wamepata nyingi kwa bei ndogo, kumbe hapo ndo pa kukimbia. Mimi nataka ile yenye 50, unaanza na moja, unajiangalia mwezi, maziwa yakiuma kama unakaribia siku zako ujue mwili unakwambia punguza.

Kwenye boksi tafuta namba ya usajili, dawa za asili zilizotengenezwa humo humo Thailand kwa kawaida namba yake inaanza na herufi G, alafu tarakimu, mkwaju na mwaka. Na hapa kuna kitu kiliwahi kunitoa jasho, nilisoma tarehe ya mwisho 2569 nikajua nimeuziwa kitu feki, mana kweli dawa gani inaisha baada ya miaka 500. Wathai wanatumia kalenda ya Kibuddha, toa 543 unapata mwaka wetu, kwaio 2569 ni 2026. Wakiandika 69 peke yake ni hivo hivo. Sasa fanya hesabu hiyo ukiwa bado dukani sio ukishafika hotelini kama mimi.

Namba mbili ni ekstrakti zilizopimwa, yaani mzizi uliochujwa na lebo ikasema kuna kiasi gani cha vile vitu vyenyewe. Kwa nadharia ndo ingekuwa ya kwanza, kwasababu mizizi haifanani, wa bonde hili na wa mlima ule, wa mvua na wa kiangazi, mchanga na mzee, nguvu zake zinatofautiana sana, na kupima ndo dawa ya tatizo hilo. Shida ni kwamba wengi hawapimi, wanaandika tu uwiano mkubwa mkubwa, ishirini kwa moja, hamsini kwa moja, yaani kilo ishirini au hamsini za mzizi kutoa kilo moja ya ekstrakti, na hiyo haikwambii chochote kuhusu miroestrol. Zaidi ya hapo huwezi kuilinganisha na ile 100 ya unga. Ikiwa lebo inataja kiasi na mtengenezaji anatoa karatasi ya maabara ya ile bechi, sawa. Ikiwa ni uwiano tu rudisha kwenye shelfu.

Namba tatu krimu, serumu, sabuni. Hizi nazipenda kwa sababu moja, ukikosea hasara mara nyingi ni pesa. Sabuni inakaa mwilini dakika mbili inaoshwa, usitegemee miujiza, ni sabuni nzuri yenye hadithi nzuri, zawadi safi kwa mama mkwe. Serumu na krimu ya uso kidogo inaeleweka kwa ngozi kavu ya umri mkubwa, ila nusu ya kazi inafanywa na mafuta na vilainishi vingine vilivyomo, soma uone kwao krua imetajwa namba ngapi kwenye orodha, ikiwa ya mwisho kabisa basi imepita hapo kusalimia. Kuna na jeli ya ukeni, hiyo walishaishindanisha na krimu ya estrojeni ya hospitali na ya hospitali ikashinda, kwaio mama mwenye ukavu unaomtesa aanzie kliniki. Za kupaka kifuani zikue? Massage ya bure unayojifanyia ndo faida yake.

Namba nne unga wa kupima mwenyewe, wa kwenye mfuko. Ni bei rahisi kuliko zote na ndo unaopendwa na watu wanaoleta mizigo, kilo moja unagawa vifuko vidogo vidogo. Mimi siupendi. Chukua kijiko cha chai, kinabeba kama gramu mbili mpaka tatu za unga, sasa gramu mbili ni miligramu 2000, yaani kikomo cha siku ishirini umekinywa kwa mpigo mmoja na uji. Miligramu 100 ni kiasi kiduchu ambacho jikoni huwezi kukipima kwa jicho, unahitaji mizani ndogo ile ya sonara. Ukiwa nayo na umenunua kwa mtu unayemwamini sawa, ila wangapi wanayo? Tena unga ni unga, ukichanganywa na wa muhogo nani atajua. Na kuna binamu yake, kudzu ya Wachina, Pueraria lobata, nao ni mzizi mweupe wa ukoo huo huo, rahisi zaidi, hauna miroestrol, unauzwa kwa jina la mwenzie bila aibu.

Namba tano vipande vilivyokaushwa au kiazi chenyewe. Kwa picha vizuri sana. Dozi yake Mungu anajua. Na uchimbaji wa porini ulishakuwa mkubwa mpaka Thailand mwaka 2006 wakauweka kwenye mimea inayodhibitiwa, kwaio usijidanganye kubeba kiazi kwenye begi utapita airport ukitabasamu.

Ya mwisho kabisa, hii naiweka chini ya kapeti, ni yale makopo ya mchanganyiko. Hips, matiti, ngozi nyeupe, ujana, vyote kidonge kimoja, picha ya mdada aliyeeditiwa, hakuna miligramu, hakuna namba, hakuna jina la kiwanda. Ndugu yangu mmoja aliletewa moja kutoka kwa muuzaji wa onlaini, siku ya kumi na kitu akaanza kutoka damu wakati siku zake zilishapita, kumpigia muuzaji akaambiwa ni uchafu unatoka dada endelea na dozi. Kisha muuzaji akamblock. Tulipompeleka hospitali daktari akauliza kuna nini ndani ya kidonge, tukatazamana, kopo halisemi. Ukisikia neno "uchafu unatoka" kwa mtu anayekuuzia, funga simu.

Kuna mchanganyiko mwingine unaochekesha, wanauza kwao krua bila kutaja rangi. Rangi ndo kila kitu. Nyekundu, kwao krua daeng, ni Butea superba, mmea mwingine kabisa, huo ni wa wanaume na mambo yao ya chumbani. Nyeusi ipo nayo, ya ukoo wa upupu. Wote wanakaa meza moja sokoni, vifuko vinafanana, na muuzaji akiona mgeni ana haraka anachota kilicho karibu. Nishaona mama kanunua nyekundu amebeba mpaka kwao, anashangaa joto halipungui.

Bei sitaji mana inacheza, mitaa ya watalii Bangkok unaweza kulipa mara mbili ya famasi ya mtaani kwa boksi lile lile. Famasi ya kawaida yenye mfamasia anayeongea ni bora kuliko soko, na soko ni bora kuliko yule wa inboksi. Kama una ndugu wa biashara za nguo anaenda Pratunam au wa madini anaenda Chanthaburi mwagize apite famasi, boksi tatu hazimuumizi, ila mwambie apige picha pande zote za boksi kabla hajalipa, akutumie, usome miligramu na mwaka wewe mwenyewe.

Na asijaribu kulitamka. Khao ya nyeupe sauti inapanda juu, ukiishusha umeomba wali, mimi nilishaletewa. Muwekee kwenye simu haya maandishi amwonyeshe mfamasia tu: กวาวเครือขาว.